Mwanangu ni Mfupi, Ugonjwa Haukuonekana: Mafunzo Niliyopata

Watu wa Dumila hawana haya ya kusema wanachokiona. Ukishuka kwenye basi pale njia panda ya kwenda Kilosa ukiwa na mtoto, muuza vitunguu atakwambia mtoto kapauka, muuza nyanya atakwambia kanenepa, na wote wawili watakuwa wamekwisha kukuuzia. Kijana wangu wa pili, aliyezaliwa mwaka 2016, amekua akisikia jambo moja tu: ni mfupi. Alipotimiza miaka saba alikuwa na sentimita 109. Katika jedwali la Shirika la Afya Duniani mtoto wa kiume wa umri huo huwa na 121 au 122, na mstari wa tahadhari uko kwenye 111 hivi. Alipimwa, tukapewa rufaa, akapimwa tena, na mwishowe daktari bingwa akaandika kwamba hakuna ugonjwa uliopatikana.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezoea kusahihisha. Jibu la namna hiyo lilinisumbua mpaka nilipoelewa limetoka wapi. Niliyojifunza njiani ni haya.

1. Mtoto mfupi si lazima awe mtoto aliyedumaa

Kwenye kuta za zahanati zetu kuna mabango ya udumavu, na yana haki ya kuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 karibu nusu ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 34, na ule wa 2022 ukakuta asilimia 30. Mikoa inayoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, kule kule kunakotoka mahindi na viazi vinavyolisha miji. Kwa hiyo anayedhani udumavu ni njaa tu, ghala la mkulima wa Njombe linamkanusha.

Lakini tazama jinsi hesabu hiyo inavyofanywa. Mtoto anapimwa urefu, kisha analinganishwa na jedwali lililotolewa mwaka 2006 baada ya kufuatilia watoto wenye afya, walionyonya vizuri, katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Watoto wa Muscat, wa Accra na wa Oslo, walipotunzwa vizuri, walikua karibu sawa, ndiyo maana jedwali hilo hilo linatumika duniani kote. Anayeangukia chini ya mstari huhesabiwa kuwa amedumaa. Mstari wenyewe, hata hivyo, umechorwa kwa namna ambayo kati ya watoto mia wenye afya tele, wawili hivi watakuwa chini yake. Kijiji kikiwa na watoto thelathini chini ya mstari katika kila mia, hapo kijiji kina tatizo, wala hakuna ubishi. Ni nani kati ya hao thelathini angekuwa mfupi hata angelelewa Ikulu, mstari hauwezi kukuambia.

Nyumbani kwangu mambo yalikwenda kinyume na mabango. Binti yangu wa kwanza alikuwa bado mdogo Januari 2014, mafuriko yalipokata barabara ya Morogoro–Dodoma pale darajani na kusomba makazi ya watu Dumila na Magole. Tulilala kwenye mahema. Aliharisha, akakonda, akala ugali mkavu kama watu wazima. Leo ananipita kimo, kafuata wajomba zake. Mdogo wake kazaliwa tukiwa na nyumba ya tofali, kuku wa kutaga na Mmasai anayetuletea maziwa mlangoni, na yeye ndiye mfupi. Watoto wawili hawathibitishi lolote, najua. Ila tangu hapo sikubali mtu amtazame mtoto wa mwenzake na kudai anajua alichokula.

2. Bibi aulizwe historia, maana maoni atayatoa bila kuulizwa

Mama mkwe wangu ni Mkaguru wa upande wa Gairo, mama mwenye heshima zake, na hukumu yake aliitoa mapema: mtoto kabemendwa. Maana yake, kwa asiyeishi huku kwetu, ni kwamba mmoja wetu alitoka nje ya ndoa mtoto akiwa bado ananyonya. Wifi yangu akaongeza kwamba yupo mtu aliyemruka mtoto akiwa amelala mkekani. Dawa ipo, wakasema, ya kumwogesha na ya kumfunga kiunoni.

Sikugombana nao. Siku moja tunachambua mboga nikamuuliza.

"Mama, baba yake alipokuwa na umri huu alikuwaje?"

"Huyo? Kaptula yake ya darasa la tatu aliivaa mpaka la sita. Mimi nilikuwa natia viraka tu, kuongeza pindo hapana."

"Akarefuka lini sasa?"

"Alipomaliza shule. Alikwenda kwa mjomba wake Turiani, kwenye miwa, akarudi nikamkaribisha kama mgeni. Sauti nyingine, miguu mingine."

Kisa hicho cha kaptula nilikipeleka kwa daktari, naye aliweka kalamu chini akasikiliza. Wapo watoto wanaokomaa kwa kuchelewa. Utotoni wanakuwa nyuma ya wenzao, balehe inawafikia wenzao kwanza na pengo linazidi kuonekana, kisha wao wanaendelea kurefuka wakati wenzao wamekwisha kusimama. Tabia hiyo hutembea katika ukoo, hasa kwa wavulana, na hakuna mashine inayoweza kuigundua kwa urahisi kama kumbukumbu ya mwanamke aliyeshona viraka. Mama mkwe alikuwa na ushahidi bora kuliko karatasi zote tulizobeba, na alikuwa ameukalia akitafuta mzinzi.

Kuhusu kubemenda nasema hivi tu: imani hiyo inampeleka mama kortini kabla mtoto hajapelekwa hospitali. Nimewaona wanawake waliorudishwa kwao kwa sababu ya kilo za mtoto. Na mama anayeshitakiwa haendi kliniki kwa moyo mmoja, kwa kuwa kila nesi anayemuuliza "Unamlisha nini?" anamsikia kama wifi mwingine.

3. Kipimo kimoja hakitoshi kumsema mtoto

Swali ambalo hakuna aliyeniuliza njia panda ni hili: anaongezeka kiasi gani kwa mwaka? Daktari aliuliza hilo kwanza.

Mtoto huzaliwa na urefu wa sentimita 50 hivi. Mwaka wa kwanza huongeza kama 25, wa pili kama 12, kisha mwendo unapungua. Kuanzia miaka minne mpaka karibu na balehe huongeza tano, sita, wakati mwingine saba kwa mwaka. Mtoto mfupi anayeongeza tano kila mwaka, mstari wake ukienda sambamba na mistari ya jedwali ingawa kwa chini, ana habari tofauti kabisa na mtoto wa wastani ambaye ghafla anaongeza mbili. Huyu wa pili hakuna atakayemwita mfupi mtaani, na ndiye mgonjwa. Madaktari wengi huanza kuchunguza kwa bidii mtoto wa umri wa shule anayeongeza chini ya sentimita nne kwa mwaka.

Sasa ili ujue mwendo lazima uwe na vipimo viwili vya kuaminika, na hapo ndipo tulipokwama. Kadi ya kliniki ya kijana wangu ilijaa nukta za uzito, mwezi hadi mwezi, zimeunganishwa vizuri. Sehemu ya urefu ilikuwa tupu karibu yote. Sishangai. Mizani ya kuning'iniza inatundikwa hata kwenye mwembe siku ya kliniki ya kijiji, lakini ubao wa kupimia urefu ni mzigo, unataka watu wawili wa kumshika mtoto, na mtoto analia. Foleni nayo inafika barabarani. Uzito, lakini, hupanda na kushuka kwa malaria ya wiki moja, na urefu unatunza kumbukumbu ya miaka.

Upimaji wenyewe una adabu zake. Chini ya miaka miwili mtoto hupimwa amelazwa, baada ya hapo hupimwa amesimama, na ukichanganya namna hizi mbili unapata tofauti ya kama milimita saba ambazo si za kweli. Viatu vivuliwe, rasta au vitunguu vya nywele vifumuliwe, visigino na makalio viguse ukuta, macho yatazame mbele. Pima asubuhi kila mara, kwa kuwa jioni uti wa mgongo huwa umejikandamiza na mtoto hupungua hata sentimita nzima. Pima kila baada ya miezi sita. Anayepima kila Jumapili atapata presha bure. Kijana wangu amewahi "kupungua" sentimita mbili kati ya vituo viwili vya afya, na wote wawili waliompima walikuwa na uhakika na kazi yao. Baada ya hapo nilinunua futikamba ya fundi cherehani, nikaibandika ukutani chumbani. Kutoka miaka saba hadi minane aliongeza sentimita tano.

4. "Karithi" ni jibu la kupigiwa hesabu

Ipo hesabu ambayo mzazi yeyote anaweza kuifanya nyuma ya daftari. Jumlisha urefu wa baba na wa mama kwa sentimita. Kwa mtoto wa kiume ongeza 13, kwa wa kike punguza 13. Gawa kwa mbili. Mume wangu ana 165, mimi 152. Ukiongeza 13 unapata 330, nusu yake 165. Huko ndiko kijana wangu anakoelekea, akizidi au kupungua sentimita nane au tisa. Kwa maneno mengine, hata mambo yote yakienda sawa, nyumba hii haitazaa mchezaji wa mpira wa kikapu, na wanaotulinganisha na vijana wa Kiparakuyo wanaopita na ng'ombe hapa wanatuonea.

Hesabu hiyo inasaidia upande wa pili pia. Mtoto ambaye wazazi wake wote ni warefu, naye yuko chini ya mstari, asifarijiwe kwa "atarefuka tu". Wala wazazi wafupi wasijifariji haraka: pengine wao wenyewe walidumaa utotoni, au wana hali ya mifupa ambayo haikuwahi kupimwa, na wanachoita asili ya ukoo ni ugonjwa wa ukoo. Nimesikia "ni wa kwetu huyu" ikisemwa juu ya mtoto wa shule yangu ambaye baadaye alikutwa na selimundu. Nchi hii huzaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na wengi wao hukua kwa kuchelewa.

5. Ili daktari aseme "sijaona sababu", kuna milango mingi ya kufungwa kwanza

Watu wakisikia hospitali haikuona kitu, wanadhani hospitali haikutazama. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo niwaeleze kilichotazamwa.

Kwanza ni maswali, mengi kuliko nilivyotarajia. Alizaliwa na kilo ngapi? Alitimiza miezi? Anaharisha mara kwa mara? Kichwa kinamuuma asubuhi, anatapika, haoni vizuri pembeni? Hayo yanaulizwa kwa sababu homoni ya ukuaji hutoka kwenye kitezi kidogo chini ya ubongo, na uvimbe mahali hapo unaweza kuibana tezi na mishipa ya macho kwa pamoja. Ana pumu? Dawa zipi? Dawa za jamii ya steroidi zikitumiwa muda mrefu hupunguza ukuaji. Kisha wakapima urefu wa mikono iliyonyooshwa, na urefu wa kiwiliwili akiwa amekaa, ili kuona kama mfupi ni mtoto mzima au ni miguu tu. Anayepungua sehemu moja huenda ana tatizo la mifupa.

Halafu damu: wingi wake, selimundu, virusi vya UKIMWI, figo, ini, tezi ya shingo. Choo na mkojo, kutafuta minyoo na kichocho, ambavyo kwa watu wa mashamba ya mpunga kama yetu si maswali ya adabu tu. Kifua kikuu. Magonjwa haya yote yanaweza kumzuia mtoto kurefuka kimya kimya, na karibu yote yana tiba au namna ya kuyadhibiti. Kwa sababu hiyo pekee, safari ya hospitali inalipa hata kama mtoto atabaki mfupi.

Kipimo kilichonivutia kuliko vyote ni eksirei ya mkono wa kushoto. Mifupa ya mtoto ina sehemu laini karibu na ncha zake, na humo ndimo urefu unamoongezeka. Kadiri anavyokomaa, sehemu hizo hujifunga. Daktari huutazama mkono na kusema mifupa hii ina umri gani, hata kama cheti cha kuzaliwa kinasema vingine. Picha zinazotumika sana kulinganishia zilichapishwa mwaka 1950 na Greulich na Pyle, nazo zilipigwa kwa watoto wa jiji la Cleveland, Marekani. Nilimuuliza daktari watoto wa Cleveland wanahusianaje na mtoto wa Dumila. Akacheka, akasema ndiyo maana wanaisoma kwa tahadhari. Mifupa ya kijana wangu ilikuwa nyuma ya umri wake kwa mwaka mmoja na kidogo. Kaptula ya baba yake ikapata shahidi wa pili.

Nilitaka pia apimwe homoni ya ukuaji siku hiyo hiyo. Haipimwi hivyo. Homoni hiyo hutoka kwa vipindi, hasa usiku mtoto akiwa usingizini, kwa hiyo damu ya saa nne asubuhi inaweza kuonyesha kidogo sana kwa mtoto mzima kabisa. Kipimo cha kweli humtaka mtoto apewe dawa ya kuichochea tezi, kisha atolewe damu mara kadhaa mfululizo chini ya uangalizi. Mtoto anayeongeza sentimita tano kwa mwaka hana haja ya kuteswa namna hiyo.

Mabingwa wa fani hii ni wachache mno. Kituo cha kuwafunza mabingwa wa homoni za watoto kwa Afrika yetu hii kilianza Nairobi mwaka 2008, kikisaidiwa na chama cha mabingwa wenzao wa Ulaya, na kabla ya hapo mzazi wa Kilosa angeelekezwa kwa nani? Muhimbili sasa wana kliniki hiyo. Ukifika Morogoro mjini unapanda treni ya umeme, iliyoanza mwaka 2024, na safari imekuwa nyepesi. Kilichobaki kizito ni kumjua daktari wa kwanza, wa hapa hapa, atakayeandika rufaa badala ya kuandika vitamini.

Na sababu yenyewe isiyoonekana? Kimo hutawaliwa na vinasaba vingi ajabu. Mwaka 2022 watafiti waliochunguza watu milioni 5.4 walitaja sehemu zaidi ya 12,000 za vinasaba zinazohusiana na urefu, kila moja ikichangia kidogo sana, na wengi wa watu hao walikuwa wenye asili ya Ulaya. Sasa maabara ya mkoa ianzie wapi? Kutoonekana kwa sababu ni mpaka wa vipimo vyetu. Mtoto anayesubiri matokeo nje kwenye benchi, akila muwa, hana upungufu wowote kwa hilo.

6. Uji una mipaka yake

Nimepewa mapishi ya unga wa lishe ya kutosha kufungua kiwanda. Mahindi, ulezi, mtama, ngano, mchele, soya, karanga, mbegu za maboga, vyote gunia moja. Ningeomba tupunguze. Mchanganyiko wa nafaka nyingi hauongezi faida kubwa, na karanga au mahindi yaliyoanikwa chini yakalowa huleta sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu ya mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na Dodoma ni jirani zetu, tunauziana. Yai moja, dagaa, maharage na maziwa yaliyochemshwa vinamfaa mtoto kuliko unga wa rangi ya udongo usiojulikana umesagwa lini. Mayai ya Dumila tunayapakia kwenye basi kwenda Dar es Salaam, kisha tunanunua unga wa lishe wa Dar es Salaam. Hilo naliacha hapo.

Tena hata wataalamu wamekwaa kisiki. Magharibi mwa Kenya, katika utafiti mkubwa ulioandikisha wajawazito zaidi ya 8,000 na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2018, familia zilipewa maji salama, vyoo na sabuni. Urefu wa watoto haukubadilika. Waliopewa lishe ya nyongeza ndio walioongezeka, na kwa kiasi kidogo. Hapa kwetu Haydom, mkoani Manyara, watoto zaidi ya 1,100 walishiriki jaribio la dawa za kutibu wadudu wa tumbo pamoja na vitamini, kwa matumaini kwamba matumbo yakipona watoto watarefuka. Hawakurefuka kuliko wenzao. Vyoo na maji safi vinaokoa watoto kwa njia nyingine, kwa hiyo asije mtu akavunja choo kwa kunisoma mimi. Ninachodai ni kwamba kama watu hao wote, na vipimo vyao na fedha zao, bado wanatafuta kwa nini watoto hawarefuki, basi jirani asinipe jibu kwa kutazama sufuria yangu.

Siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi miaka miwili, ndizo zenye nafasi kubwa. Mtoto wa miaka saba alishwe vizuri kwa ajili ya afya na akili yake, si kwa matarajio ya kumvuta.

7. Sindano ya Messi si ya kila mtoto

"Dada, si Messi alidungwa sindano akarefuka?" Hiyo ni simu ya kaka yangu kutoka Dar es Salaam, na nadhani kila mzazi wa mtoto mfupi ameipokea. Ni kweli, Lionel Messi alitibiwa kwa homoni ya ukuaji. Alikuwa na upungufu wa homoni hiyo, ugonjwa uliopimwa ukaonekana. Kwa mtoto ambaye homoni zake hazina tatizo, habari ni nyingine. Marekani iliruhusu mwaka 2003 homoni hiyo itumike kwa watoto wafupi sana wasio na sababu inayojulikana. Faida kwa wastani ni sentimita nne hadi saba katika utu uzima, baada ya sindano za kila siku kwa miaka kadhaa, kwa gharama ambayo sitaiandika kwa kuwa msomaji atafunga gazeti. Kila siku mtoto anadungwa, na kila siku anakumbushwa kwamba ana kasoro. Baba yake na mimi tulikataa kabla hatujafika kwenye bei.

Vidonge vya kurefusha vinavyouzwa kwenye simu na kwenye mabasi havistahili aya yake. Mtu mzima ambaye mifupa yake imejifunga harefuki kwa kidonge chochote.

8. Ongea naye kwa umri wake, usiongee na kimo chake

Wasomaji wa rika langu wanakumbuka mtihani wa kuanza darasa la kwanza: unapitisha mkono juu ya kichwa, ukigusa sikio la upande wa pili unaandikishwa, usipoligusa unarudi nyumbani mpaka mwakani. Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa adimu, mwalimu alifanya alichoweza. Lakini mazoea ya kusoma umri kwenye mwili hayajatutoka. Kijana wangu ana miaka tisa na wageni wanamuuliza yuko chekechea gani. Darasani alipewa kazi ya kubeba chaki wenzake wakibeba madawati. Wanamwita Nukta. Konda hamtozi nauli, na hilo, kusema kweli, halitusikitishi.

Madhara niliyoyaona kwa macho yangu ya ualimu yako hapa zaidi ya kwenye mifupa. Mtoto anayetendewa kama wa miaka sita huanza kujibu kama wa miaka sita. Analia haraka, anasubiri kubebewa. Nyumbani tuliamua awe na kazi za umri wake: anachota maji kwa ndoo inayomfaa, anahesabu mayai, anatumwa dukani na noti kubwa. Dada yake alikatazwa kumnyanyua. Nilimwambia pia ukweli wote, kwa lugha yake, pamoja na hesabu ya 165. Aliuliza jambo moja tu: askari wa trafiki wanatakiwa wawe na urefu gani? Nilimwambia tutauliza.

9. Msichana mfupi anasahaulika

Kliniki ya kimo hujaa wavulana. Msichana akiwa mfupi watu husema hana neno, ataolewa. Katika kila wasichana 2,500 hivi, mmoja huzaliwa na hali iitwayo Turner, ambapo kromosomu moja ya X imekosekana yote au sehemu yake. Dalili ya wazi inaweza kuwa ufupi peke yake, mpaka miaka inapita na balehe haiji. Huenda moyo na figo zake zinahitaji kuangaliwa, na matibabu yakianza mapema yanasaidia. Kwa hiyo msichana ambaye ni mfupi kuliko hesabu ya wazazi wake, hata kama anacheka na kula vizuri, apelekwe akapimwe.

Walimu wenzangu wa madarasa ya chini, kuanzia hapa Dumila hadi Mikumi, nina ombi kwenu. Futikamba ni bei ya soda moja. Bandikeni ukutani, mpime darasa zima Januari na Juni, viatu nje, na muandike kwenye daftari la mahudhurio. Msimtangaze mtoto yeyote mbele ya wenzake. Lakini yule ambaye kwa mwaka mzima hajafikisha sentimita nne, au anayelalamika kichwa na macho, au ambaye sare yake ya mwaka juzi bado inamtosha, mwandikieni mzazi wake barua, aende nayo kituo cha afya pamoja na vile vipimo viwili. Daktari ataanzia hapo.